Jibu la Kipara

Shemeji yangu ni profesa wa kitabu kimoja. Sisemi kwamba ameandika kimoja, ingawa hilo nalo ni kweli. Nasema amekula, amevaa, amesomesha watoto na amepandisha nyumba ghorofa kwa kitabu kimoja cha mtu aliyekufa zamani za karne za kati, mwanafalsafa ambaye hata kwao wameshamsahau. Na hata hicho kimoja hakukisoma chote. Hivyo ndivyo nilivyoamini wakati huo, na niliamini kwa raha zangu zote.

Mwenye kitabu tulimwita Kipara. Idara yetu ina picha yake moja tu, ile ya kwenye jalada la kitabu, amenyolewa utosi kama watawa wa enzi zake, masikio yamechomoza, anatazama pembeni kama mtu aliyechoka kupanga foleni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza husema akili ni nywele na huyu mzee hana hata moja. Mzaha huo unasikika kila mwaka, na kila mwaka wanaousema hudhani wameubuni wao. Mimi nilimchukua Kipara nikafanya naye tasnifu ya udaktari: mawazo yake na athari zake za kudumu. Nilitaka hasa hizo athari. Nilitaka kujua mtu aliyeishi na kufa kwenye baridi, mbali kiasi kile, alifikaje kwenye ukuta wa ukumbi wetu.

Maana ukutani alikuwepo. Ukiingia ukumbi wa kitivo unamkuta juu ya jukwaa, kwa herufi za rangi ya dhahabu: "Mwanafunzi bora haulizi; husikiliza mpaka swali lake lifie moyoni." Chini yake kuna jina la Kipara. Chini ya jina la Kipara, kwa herufi zilizonenepa kidogo kuliko zake, kuna jina la shemeji yangu, mfasiri.

Sentensi hiyo ilitembea kuliko mwenyewe. Kipara hakuwahi kwenda mbali na nyumba yake ya watawa, lakini maneno hayo yalifika kwenye shule za msingi, yakabandikwa juu ya ubao. Yalifika kwenye hotuba za waheshimiwa. Benki moja iliwafundishia makarani wapya. Na kuna zahanati, nimeiona kwa macho yangu nilipompeleka mtoto wa dada kung'olewa jino, waliyageuza kidogo wakayaandika mlangoni kwa daktari: "Mgonjwa bora haulizi." Mtoto akanivuta gauni akasema, "Mama mdogo, sasa tusipoongea atajuaje jino lenyewe ni lipi?" Nikamwambia anyamaze, tumefika kwa wasomi. Baba yake mtoto huyo ndiye aliyeyatia maneno hayo dhahabu.

Sasa katika idara yetu sentensi ile ilikuwa sheria kabisa. Mwanafunzi wa udaktari akija kutetea tasnifu yake, wazee wa jopo huongea kwanza, yeye amesimama kimya. Waliokaa kwenye viti hawaruhusiwi kuuliza, hata wawe na digrii za kujaza kabati. Kisha mtahiniwa hupewa nafasi yake aongee, na akiongea vizuri, Mwenyekiti hupiga meza kwa kiganja na kusema, "Imetosha." Basi. Imetosha ikishasemwa hakuna tena mdomo unaofunguka. Mtahiniwa anakaa, na akikaa ni daktari. Kadiri inavyokuja mapema ndivyo heshima inavyozidi. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha walimu nikamsikiliza mtu mzima na mvi zake akijisifu kwamba yeye alipigiwa imetosha kabla hajafungua chupa ya maji. Alijisifu, jamani, kwamba hakusikilizwa!

Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi wa mkataba. Umri umesogea, mgongo unalalamika, na bado nasahihisha mitihani ya wengine kwenye meza yenye mguu uliokazwa kwa karatasi. Chuo kilinieleza bila kuzunguka: nisipopata udaktari mwaka huu, mkataba haurudiwi. Na huko nje hakuna kampuni inayotangaza kwamba inamtafuta mjuzi wa Kipara. Msimamizi wangu alikuwa shemeji yangu huyo huyo, kwa kuwa hakuna mwingine anayemfundisha Kipara. Kanuni zinakataza kusimamiwa na ndugu, lakini kanuni nazo zina shemeji zao.

Ngoja nikueleze watu wa zama za Kipara walivyoandika, maana kisa chote kimelala hapo. Hawakuanza na maoni yao. Kipara anaweka swali: Je, yafaa mwanafunzi amuulize mwalimu wake? Kisha anaandika, "Yaonekana kwamba haifai," na hapo anawapa nafasi wapinzani wake. Anazieleza hoja zao kwa ustadi, anazipamba, anaziimarisha, kwa sababu ilikuwa aibu kwao kumpinga mtu kabla hujamwelewa mpaka yeye mwenyewe aseme, naam, hayo ndiyo niliyotaka kusema. Wapinzani wakishamaliza, ndipo anaandika neno moja: "Najibu." Kuanzia hapo ndiye yeye anayeongea. Kitabu kizima kiko hivyo, mwanzo hadi mwisho, swali baada ya swali.

Maneno ya dhahabu ya ukumbini yako chini ya "Yaonekana kwamba." Ni ya wapinzani. Kipara ameyaandika ili ayajibu, na jibu liko ukurasa unaofuata, na linasema kinyume chake kabisa.

Sikuvumbua kitu, na hilo naomba lieleweke. Sikuingia pango lolote. Kitabu kiko maktaba, ghorofa ya pili, karibu na mashine ya fotokopi iliyokufa. Upande wa kushoto kuna Kilatini, upande wa kulia kuna tafsiri. Hakikuhitajika Kilatini. Kilihitajika kidole cha kufunua ukurasa. Siku ile nilicheka peke yangu mpaka mkutubi akaja kunichungulia kama niko salama.

Nilipomaliza kucheka nikafuatilia. Msomi mmoja wa ng'ambo, zamani, alinukuu sentensi ile akaitaja kuwa ni ya Kipara. Mwingine akainukuu kwa huyo. Wa tatu kwa huyo wa pili. Shemeji yangu kwa wa tatu. Waziri kwa shemeji, benki kwa waziri, zahanati kwa nani sijui, labda kwa benki. Wote wametaja ukurasa ule ule mmoja, wamerithishana kama ndugu wanaorithishana koti, na hakuna aliyeingiza mkono mfukoni kuona mna nini. Hizo ndizo athari za kudumu. Mtu alisimama kuupinga upuuzi, wakaushika upuuzi wakaupa jina lake. Nilikaa na nakala zao mezani, maprofesa wa mabara yote, nikawadharau mmoja mmoja na kwa pamoja. Tumelelewa na methali inayosema kuuliza si ujinga, mtoto wa chekechea anaijua, halafu tukaenda kusomea ujinga kwa gharama.

Nikaandika sura ya nne. Nikampelekea msimamizi.

Ofisi ya shemeji inanuka vumbi na mafuta ya nywele. Feni inazunguka kwa kuguna, Kipara yuko ukutani kwenye fremu, na profesa mwenyewe yuko chini yake na tai yake iliyodariziwa herufi za kwanza za jina lake. Alisoma sura yangu akiwa amekunja uso kama mtu anayesoma bili ya maji. Alipofika mwisho hakunyoosha mkono kukichukua kitabu kilichokuwa nyuma yake kwenye rafu, ahakikishe. Nikasema moyoni, uvivu mtupu.

"Sura hii itoke," akasema.

"Kwa nini, shemeji?"

"Hapa ofisini mimi ni Profesa."

"Kwa nini, Profesa?"

"Unaona? Unauliza." Akatabasamu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Mwezi ujao nastaafu. Ukumbi utapewa jina langu, hilo umelisikia. Yale maneno yatatolewa kwenye rangi, yachongwe kwenye marumaru. Sasa wewe unataka fundi achonge nini? 'Tafadhali tazama ukurasa unaofuata'?"

"Lingekuwa jambo jema."

"Lingekuwa kichekesho. Sikiliza, mwanamke mwenzangu wa kazi." Hivyo ndivyo alivyoniita, na mpaka leo sijaelewa alikuwa anataka kusema nini. "Sura ikitoka, tasnifu yako inakwenda kwa watahini wiki hii, na mimi mwenyewe nitaisifu. Isipotoka, inalala kwenye droo hii. Nikishaondoka, tafuta msimamizi mwingine wa Kipara."

"Hayupo."

"Ndiyo maana nakwambia."

Nilitoka pale nimejaa hasira. Mtu mzima ovyo! Hakubisha hoja hata moja. Angebisha ningemheshimu kidogo, ningesema walau anatapatapa kisomi. Yeye alifanya kama mwenye nyumba ya kupanga, ukilalamika paa linavuja anakuonyesha mlango.

Jioni hiyo sikwenda kwa dada kwa hiari yangu. Dada ndiye aliyenipigia simu niende. Nilimkuta chumba cha nguo, anapiga pasi joho la mumewe kwa ajili ya sherehe ya kustaafu. Joho lenyewe lina sentensi ile mgongoni, imedariziwa kwa uzi wa manjano, na dada alikuwa anapita juu yake na ncha ya pasi, taratibu, herufi moja moja, kwa sababu uzi ule ukichomwa unajikunja.

"Mdogo wangu, kwani wewe una nini?" akaanza, hata salamu hakuna. "Mwenzako hali chakula."

"Anakula. Nimemwona kwenye mkahawa wa chuo."

"Usinifanyie mzaha. Huyo si mtu mbaya."

"Dada, mimi sikusema mbaya. Nimesema mvivu. Amekaa juu ya ukurasa mmoja kama kuku."

"Ni mume wa dada yako!" Akaisimamisha pasi. "Mama alipofariki ni nani aliyekuchukua? Ulikuja hapa na kisanduku chako, nani alikulea?"

"Wewe."

"Na yeye!"

"Yeye alikuwa sebuleni, kimya, anasikiliza. Mwanafunzi bora."

Alitaka kucheka. Namjua dada yangu, shavu la kushoto huanza kumcheza. Lakini akajikaza, akaishika tena pasi. "Ukimwaibisha yeye umenivua nguo mimi. Watu watasema mke wake naye alikuwa anajua nini. Toa hiyo sura. Upate udaktari wako, yeye apate ukumbi wake, mimi nipate kulala."

"Hutaki hata kujua imeandikwa nini?"

"Sitaki!" alisema kwa sauti ambayo sikuizoea. "Usiniambie. Nimepiga pasi maneno haya tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa. Leo usije kuniambia ni ya nani."

Basi nikaitoa. Ndiyo, nilifyata mkia. Nikaitoa sura ya nne, nikabandika namba za kurasa upya, nikapeleka tasnifu kujalidiwa ikiwa imekatika katikati kama sentensi ya mlevi. Lakini karatasi zile sikuzitupa. Nilijua siku ya utetezi nitapewa nafasi yangu ya kuongea, na katibu huandika kila kinachosemwa, na jopo lina uwezo wa kuagiza kilichosemwa kiingizwe kwenye tasnifu. Nikasema, pale pale chini ya herufi zao za dhahabu nitausoma ukurasa wa Kipara, na shemeji atakuwa amekaa mbele, na hatakuwa na droo ya kunifungia. Kama watanifelisha, wanifelishe wakiwa wamesikia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, kwa kuwa watu walijua ni utetezi wa mwisho kusimamiwa na profesa kabla hajastaafu. Kipaza sauti kilipiga mluzi, kikatulizwa kwa kofi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mkuu wa kitivo, mtu mwenye kipaji cha kusinzia huku macho yako wazi. Kulikuwa na mtahini wa nje, mgeni aliyeletwa kutoka chuo kingine, mkimya, nadhifu, anayeonekana kuwaza usafiri wake wa kurudi. Shemeji alikaa mstari wa mbele na tai yake. Dada alikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, ananikwepa macho.

Wazee waliongea. Nilisimama. Mwenyekiti aliisifu kazi yangu kwa maneno aliyoyasoma kwenye jalada. Mtahini wa nje alisema tasnifu ni nzuri, ila alihisi kama kuna kitu kinapungua katikati, na shemeji akakohoa. Kisha nikapewa nafasi.

Hapa sasa ndipo nilipojifanya mjanja. Nilijiambia nisiwarukie kama jogoo. Niwafanyie kama Kipara mwenyewe angefanya: nianze na hoja za wapinzani, nizieleze kwa haki, mpaka wao wenyewe waseme naam, halafu niseme "Najibu" na kufunua ukurasa. Nilitaka wajione wameelewa kabla sijawaonyesha walichokosa. Nilifurahia sana wazo hilo. Nilikesha na furaha yake.

"Yaonekana kwamba haifai mwanafunzi kumuuliza mwalimu," nikaanza.

Na nikawapa haki yao. Nikasema mwalimu ni mtu anayekuvusha mto, na hakuna anayemvuta shati mvushaji katikati ya maji. Nikasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikasema mtoto mchanga hajui kuuliza lakini hakuna mwanafunzi anayejifunza kwa kasi kama yeye. Nikasema swali la haraka mara nyingi si kiu, ni majivuno. Mtu anauliza ili aonekane ameuliza. Hiyo ya mwisho niliitunga papo hapo, na ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya. Nilisikia ukumbi ukitulia. Viti viliacha kulia. Mtahini wa nje akaacha kuwaza usafiri, akavua miwani. Mwenyekiti aliamka, aliamka kweli kweli, akanitazama kama mtu anayeona mtoto wake anatembea. Nikafika kwenye ile sentensi, nikaisema polepole, nikaielekeza kwa mkono pale juu ya ukuta: "Husikiliza mpaka swali lake lifie moyoni."

Nikavuta pumzi ya kusema "Najibu."

Kiganja kikagonga meza. "Imetosha!"

Loo! Makofi yaliyolipuka pale sijawahi kuyasikia kwenye kitivo kile. Watu walisimama. Huko nyuma kigelegele kilitoka, na nilikitambua, kilikuwa cha dada. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote nikasahau moja tu: watu hawa hawafunui ukurasa. Kosa lile lile, la tangu yule msomi wa kwanza wa ng'ambo, wamelifanya tena mbele yangu, mchana kweupe, kwa mdomo wangu mimi.

"Sijamaliza," nikasema kwenye kipaza sauti.

Wakacheka kwa upendo. "Unyenyekevu huo!" akasema mtahini wa nje akiwafahamisha wenzake. "Huyu kweli ni mwanafunzi wa yule mzee wa ukutani." Hata yeye, niliyekuwa nimeanza kumtegemea!

Shemeji akapanda jukwaani. Akanikumbatia, mikono yote miwili, kamera zikitazama, na mdomo wake ukaja sikioni kwangu.

"Kaa, shemeji," akanong'ona.

"Wamenikata kabla ya jibu."

"Najua. Na mimi walinikata hapo hapo."

Nikajitoa kidogo nimwone uso. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera, ila macho hayakuwa yanatabasamu.

"Uliufunua?" nikamuuliza.

"Niliufunua nikiwa mdogo kuliko wewe. Nilisimama hapa hapa, nikaanza na wapinzani kama ulivyoanza, wakanipigia makofi. Nikajiambia nitamalizia siku nyingine." Akanigonga bega kidogo. "Utashangaa jinsi siku hiyo isivyofika. Kaa. Ukishakaa unazoea."

Mungu anisamehe, kwa miezi yote ile ndani ya dharau yangu kulikuwa na huruma kidogo. Mjinga unamcheka, lakini unajua hakuchagua. Huyu hakuwa mjinga. Alijua alipopaka ile dhahabu. Alijua alipokuwa akiwafukuza darasani watoto wa watu kwa kuinua mkono. Alijua mke wake alipoinama juu ya joho na pasi mkononi. Dharau niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya mzaha, ya kusimulia kwenye chai. Kwa hii nilitaka kumtemea mate pale pale. Na tena, sitadanganya, makofi yalikuwa bado yanaendelea, na yalikuwa matamu. Kiti kilikuwa nyuma ya magoti yangu kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kukunja magoti tu, niwe daktari, mkataba uwe wangu, mgongo upumzike. Nikaelewa alivyokaa yeye.

Sikukaa. Makofi yakapungua, yakawa ya mmoja mmoja, yakaisha.

"Daktari, kaa," akasema Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, yale niliyosema ni maneno ya wapinzani. Mimi bado sijasema langu, na Kipara bado hajasema lake."

"Imetosha imeshatoka."

"Nimeisikia."

Uso wake ulibadilika. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeona gari lake linarudi nyuma lenyewe. "Basi nikueleze, maana naona hujui. Ukiongea baada ya imetosha umeikataa, na haitolewi mara mbili. Jopo litavunjwa. Utasubiri jopo jingine, na msimamizi wako anastaafu, na mkataba wako unaujua mwenyewe. Mama, kaa uwe daktari, au ongea uwe hivyo ulivyo."

Ukumbi mzima ulinitazama, na hakuna aliyesema kitu, wamefundishwa vizuri. Nikatazama nyuma. Dada alikuwa bado amesimama, mkoba mkononi, kigelegele kimemkauka. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, na shemeji, aliyekwisha kutazamwa na mawaziri, akainamisha macho akaangalia viatu vyake. Sijui wenye ndoa ya miaka mingi huambiana nini kwa namna hiyo. Niliona tu bega la dada linashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Kwani alijibu nini?" akauliza.

Vichwa vyote viligeuka. Katika ukumbi ule, kutoka kwenye viti vile, sidhani kama swali lilikuwa limewahi kutoka.

"Mama," Mwenyekiti akasema kwa upole, "wasikilizaji hawaulizi."

"Sijakuuliza wewe," akasema dada yangu. "Namuuliza mdogo wangu. Huyo mzee wao, Kipara. Alijibu nini?"

Shemeji akasema, "Mke wangu," akaishia hapo.

Karatasi za sura ya nne zilikuwa mkononi, zimelowa jasho, lakini sikuzihitaji. Nikasogea mbele ya meza, nikaacha kipaza sauti nyuma yangu, nikamwangalia dada peke yake.

"Najibu," nikasema. "Mwalimu asiyeulizwa hajui kama amefundisha au ameongea peke yake. Na swali linalofia moyoni mwa mwanafunzi halizikwi peke yake, linazikwa pamoja na kile ambacho mwalimu angekijua kwa kuulizwa."

Mwenyekiti akalivuta faili langu karibu yake, akatafuta kalamu mfukoni, akaanza kulifuta neno "Daktari" mbele ya jina langu. Dada akakaa, akaweka mkoba chini, akaniashiria kwa kidevu niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.